Tuache mstari mmoja wa isogi kwa ajili ya nyuki



Kiangazi kimeshika, na katika makundi mengi watu wameanza kuhesabu mbegu za msimu A. Wanahesabu maharagi, wanahesabu mahindi, wanahesabu karanga. Wenye kahawa wanaangalia matawi na kungojea mvua ya Septemba. Katika hesabu hizo zote hakuna mtu anayeandika isogi. Isogi inajiotea yenyewe, na tumezoea kuiweka upande wa magugu. Ile inayoota karibu na nyumba tunaichuma kwa mboga, na ile inayoota shambani tunaing'oa na jembe.

Mimi nasema mwaka huu tuiandike. Kila mwanamemba aache mstari mmoja wa isogi uchanue mpaka mwisho, na koperative ifanye jambo hilo kuwa kanuni yake. Tusiliache kuwa huruma ya mtu mmoja mmoja. Nitaeleza kwa nini, na nitajibu pia wale wanaosema kwamba ni kupoteza nafasi.

Mmea wenyewe ni gani

Wenye kusema Kinyarwanda na Kirundi wanaiita isogi. Kwa Kiswahili cha pwani ni mgagani. Kwenu labda iko na jina ingine, lakini utaitambua. Jani lake limegawanyika kama vidole vya mkono, mara nyingi vitano. Shina lina vinyweleo vinavyonata, na mara nyingi lina rangi ya zambarau. Maua ni meupe au yanaelekea rangi ya waridi, na nyuzi ndefu zinatoka katikati kama ndevu za paka. Nyuma ya ua kunakuja ganda jembamba refu lenye mbegu ndogo nyeusi. Harufu yake ni kali, na mboga yake ni chungu. Wamama wengi wanaipunguza uchungu kwa maziwa ao kwa karanga.

Huu ni mmea wa Afrika, haukuletwa na mradi wala na meli. Unapenda samadi, unapenda pale palipokuwa zizi la ngombe na pale tunapotupa takataka za jikoni. Unaishi msimu mmoja tu: unaota, unachanua, unatoa mbegu, unakufa. Tangu kuota mpaka ua la kwanza ni karibu wiki 4 mpaka 6, wakati mimea mingi ya shambani bado ni majani matupu. Shikeni hesabu hiyo ya wiki, kwa sababu maneno yangu yote yanasimama juu yake.

Nyuki wa Novemba anazaliwa na chakula cha Septemba

Watu wengi wanafikiri hivi: kahawa ikichanua, nyuki watakuja, maboga yakichanua, nyuki watakuja. Sawa vile nyuki wako mahali fulani wanangojea kuitwa. Lakini nyuki hatoki hewani. Malkia anataga yai, yai linakuwa funza, funza anakuwa nyuki, na kazi hiyo inachukua karibu wiki 3. Akisha kutoka, nyuki kijana haendi mara moja kwenye maua. Anakaa kwanza ndani ya mzinga wiki 2 ao 3, anasafisha, analisha wadogo, anajenga sega. Ni nyuma ya hapo njo anatoka kutafuta chakula. Kwa jumla ni karibu wiki 5 ao 6.

Sasa tupige hesabu. Boga lililopandwa katikati ya Septemba linaanza kuchanua karibu na mwanzo wa Novemba. Nyuki atakayeingia katika ua lile alikuwa yai mwishoni mwa Septemba. Na malkia hatagi mayai mengi kama mzinga una njaa. Nyuki wanalisha wadogo wao kwa unga wa maua, ule unga wa njano tunaouona kwenye miguu yao. Kama mwisho wa Septemba hakuna unga, wadogo hawalelewi, na mwanzo wa Novemba wafanyakazi ni wachache. Hapo maua ya shamba letu yanafunguka na yanafunga bila mgeni.

Na mwisho wa Septemba kuko nini milimani kwetu? Kiangazi cha Juni mpaka Agosti kimekausha majani. Pale msitu ulikwisha kukatwa, maua ya porini ni machache. Ndizi inatoa maji matamu, lakini ndizi tunayokula haina unga wa maua wa kutosha. Mwenye mikaratusi karibu ana bahati kidogo. Halafu mvua ya kwanza inaanguka, majani mabichi yanatoka, na sisi tunaingia na jembe. Katika siku chache tunasafisha kila kitu ambacho kingechanua mbele ya mimea yetu. Tunaita hiyo kutayarisha shamba, na kwa upande wa maharagi ni kweli. Kwa upande wa nyuki ni kufagia chakula wakati wa njaa.

Nani anapoteza

Nisidanganye mtu. Maharagi yetu ya kawaida hayategemei sana nyuki. Ua la haragi linajizalisha lenyewe kwa sehemu kubwa. Mahindi yanatumia upepo. Muhogo tunaupanda kwa kipande cha mti. Kama mtu analima vitu hivyo tu, mstari wa isogi utamsaidia kwa mboga zaidi kuliko kwa mavuno.

Lakini tazama boga. Boga lina ua dume na ua jike, kila moja peke yake. Ua linafunguka asubuhi moja tu na kufunga mbele ya joto la mchana. Kama katika asubuhi hiyo hakuna mdudu aliyebeba unga kutoka dume kwenda jike, kale kaboga kadogo kanakuwa njano na kuanguka. Wamama wanajua sana jambo hilo. Wengine wanasema ni jua, wengine wanasema ni jicho la jirani. Mara nyingi ni nyuki ambaye hakuja. Tango na tikiti vinatumia njia ile ile.

Tazama marakuja, ambayo koperative nyingi zimeanza kuuza. Ua lake ni kubwa, na mdudu mdogo anapita chini yake bila kugusa unga. Linataka wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa matundu katika miti mikavu ya nyumba. Nyuki hao hawana mzinga wala asali ya kuvuna, basi tunawaona kama waharibifu wa mbao. Lakini bila wao mwenye marakuja anabaki na maua mazuri na matunda machache.

Tazama kahawa. Arabika inaweza kujizalisha, ndiyo. Lakini utafiti uliofanywa katika kahawa ya wakulima wa Kilimanjaro, Tanzania, na kutangazwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba pale nyuki na wadudu wengine wanapofika kwenye maua, uzito wa matunda uliongezeka karibu 7 kwa 100. Mtu anaweza kusema 7 ni kidogo. Basi achukue mavuno ya koperative yake yote ya mwaka uliopita, ahesabu 7 kwa kila 100, na aseme tena kama ni kidogo. Na kilo hizo hazidai mbolea wala dawa.

Wenye mizinga, kwenu sihitaji kuongeza neno. Mnajua mzinga uliotoka kiangazi ukiwa mwepesi unafanya nini: unahama ao unakufa.

Kwa nini ua la msimu mmoja, na si mti

Kila mara mtu anapokuja kutufundisha mambo ya nyuki, anatuambia tupande miti. Ni shauri zuri. Kaliandra ni nzuri, na miti ya kienyeji ni mizuri zaidi. Sisemi mtu aache kupanda mti.

Lakini tuulize: nani kati yetu anaweza kupanda mti? Ni mwenye shamba lake. Wengi wetu tunalima shamba la mtu. Katika Bushi, anayelima kwa bwasa anajua sheria vizuri: unalipa, unalima msimu wako, unatoa mavuno, unarudisha udongo. Mmea wa kukaa miaka haukubaliwi, kwa sababu mti katika desturi yetu ni neno. Mwenye kupanda mti anasema, "Hapa ni pangu." Mwenye shamba akiona mche wa mti, anaona kesi inaota. Watu waliokimbia vita na kupata kipande cha kulima kwa msimu mmoja wako katika hali ile ile, tena ngumu zaidi. Na mwanamke anayelima shamba la ukoo wa mume wake, mara nyingi hawezi kupanda mti bila ruhusa.

Kwa hiyo shauri la miti, hata kama ni zuri, linapita juu ya vichwa vya nusu ya wasikilizaji. Wanarudi nyumbani wakifikiri kwamba mambo ya nyuki ni ya wenye mali.

Isogi haisemi "hapa ni pangu." Inaota Agosti, Januari imekwisha. Hakuna mwenye shamba atakayeogopa mstari wa mboga. Mpangaji anaweza kuipanda, mkimbizi anaweza kuipanda, mjane anaweza kuipanda kwenye ukingo wa mtaro bila kuomba mtu. Na siku akihamishwa, anabeba mbegu zake ndani ya chupa ndogo na kupanda kule anakofika. Kwa shamba la msimu mmoja, linafaa ua la msimu mmoja. Hii njo sababu kubwa inayonifanya niandike maneno haya. Kama tunataka nyuki warudi milimani, tutafute njia ambayo hata mtu asiye na udongo wake anaweza kuingia nayo.

Wanaopinga, na wana neno

Wa kwanza anasema: "Hii majani ikitoa mbegu, nitaipalilia mpaka uzee." Neno lake ni la kweli. Ganda la isogi likikauka linapasuka na kumwaga mbegu. Lakini dawa yake ni rahisi: mstari uwe kwenye ukingo, si katikati ya maharagi, na maganda yakatwe yanapoanza kuwa ya njano, mbele hayajapasuka. Mwenye kufanya hivyo anapata mbegu za kuuza ao kugawa, na shamba linabaki safi. Asiyeweza kufuata maganda, afadhali akate mstari wote wakati maua ya mwisho yanaanguka. Nyuki watakuwa wamekwisha kula.

Wa pili anasema: "Shamba lenye majani ni aibu. Agronomu akipita atasema mimi ni mvivu." Hili linatuuma sana, kwa sababu tumefundishwa hivyo miaka mingi, kwamba shamba zuri ni shamba lililo wazi kama uwanja wa mpira. Lakini kuko tofauti kati ya shamba lililoachwa na mstari uliopangwa. Panda kwa kamba, palilia pande zote mbili, weka kijiti mwanzo na mwisho. Mtu akiona kamba, anajua kuko nia. Na maagronomu wetu, ninyi mnaosoma hapa, mlipe neno hili heshima: msimpunguzie mtu alama kwa sababu ameacha ua la nyuki.

Wa tatu anasema: "Nyuki watauma watoto." Nyuki anauma kwa ukali pale anapolinda mzinga wake. Kwenye ua yuko kazini, hana nyumba ya kulinda. Ukimkanyaga ao ukimshika atakuuma, hiyo ni kweli. Basi mstari usiwe kwenye njia ya watoto wala mlangoni mwa choo.

Wa nne ndiye ninayemheshimu kuliko wote. Ni mama anayesema: "Sisi tuko na njaa Septemba. Mboga nitaiachaje ikuwe maua?" Mama ana haki. Na kuko ugumu wa kweli hapa: mwenye kutaka majani mengi ya isogi anakata kila ua linapotokea, kwa sababu mmea ukichanua, majani yanapungua na kuwa magumu. Mstari wa sufuria na mstari wa nyuki hauwezi kuwa mmoja. Jibu langu ni kupanda miwili. Mmoja ukatwe maua na kuchumwa kila wiki, ni wa sufuria. Mwingine uchumwe majani ya chini mara moja ao mbili, halafu uachwe. Kama nafasi ni ya mstari mmoja tu, na nyumba ina njaa, mama achume. Hakuna nyuki atakayekula mbele ya mtoto. Ni kwa sababu hiyo nasema jambo hili liwe la koperative: mwenye nafasi kubwa aache zaidi, ili mwenye nafasi ndogo asibebe mzigo ule ule.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Wa tano anasema: "Mstari mmoja utalisha mzinga gani?" Peke yake, hautalisha hata mmoja. Nyuki wa asali anaruka kilometa na zaidi, na mzinga unahitaji maua mengi sana. Mtu mmoja akipanda hatua 10 za isogi katikati ya mlima uliofagiliwa, amefanya jambo zuri, lakini mzinga hautaliona.

Lakini koperative ya watu 40, kila mmoja na hatua 10, ni hatua 400 za maua katika mlima mmoja, wakati ule ule wa njaa. Hilo nyuki wanaliona. Na wale nyuki wadogo wa porini, wanaokaa ndani ya udongo, katika kuta za matope na katika mianzi mikavu, hawaruki mbali. Wengi wao hawatoki zaidi ya mita mia chache kutoka kwenye tundu lao. Kwao hata mstari wa jirani mmoja ni soko zima, mradi uwe karibu. Ndiyo maana mistari mingi midogo iliyosambaa inafaa kuliko shamba moja kubwa la maua kwa prezida wa koperative.

Jinsi ya kufanya

Ili isogi ichanue mwisho wa Septemba, ipandwe katikati ya Agosti. Wakati huo mvua bado, basi mahali pake ni karibu na jikoni, ambapo maji ya kuoshea mboga yanaweza kumwagwa asubuhi na jioni, ao pembeni ya kishanga. Hatua 5 tu zinawezekana hata kwa mwenye kuteka maji mbali. Hatua 5 zingine zipandwe shambani na mvua ya kwanza. Hizo zitachanua mwisho wa Oktoba na kuendelea kulisha nyuki wakati wa marakuja na maboga. Na ile isogi iliyojiotea yenyewe kwenye ukingo, mwenye kupalilia aipite.

Mbegu ni ndogo sana. Changanya na mchanga mkavu ili zisianguke mahali pamoja. Chora mfereji wa kidole kimoja, usizidi, funika kidogo, na weka samadi iliyooza kama iko. Miche ikifika urefu wa kidole, punguza mpaka iachane karibu shubiri moja. Ile unayong'oa, pika.

Angalia umri wa mbegu. Mbegu ya isogi iliyovunwa sasa hivi bado imelala. Inataka kukaa miezi 3 na zaidi mbele ya kuota vizuri. Wengi wanapanda mbegu mpya, haioti, wanasema ni mbaya. Kwa kupanda Agosti tafuteni mbegu za Januari, kwa wamama wanaouza mboga sokoni. Za Mei na Juni zihifadhiwe kwa msimu B.

Kwa kuvuna mbegu, kata maganda ya njano asubuhi mapema wakati umande bado uko, kwa sababu wakati huo hayapasuki ovyo. Anika juu ya shiti, pigapiga, peta, weka katika chupa kavu iliyofungwa, andika mwezi na mwaka.

Usipande isogi karibu na mashu. Viroboto wa majani na kunguni wa mashu wanaipenda pia, na utakuwa umewajengea nyumba mbili. Na kwa wenye kukaa juu sana, kule baridi ni kali, isogi inakua polepole. Kule acheni maua mengine ya kienyeji kwenye ukingo, yale mnayoona nyuki wakiyaendea.

Mwisho, dawa. Hakuna faida ya kulisha nyuki kwa mkono wa kuume na kuwaua kwa mkono wa kushoto. Dawa kama sipermetrini na dimetoati zinaua nyuki. Mwenye lazima ya kutumia pompi, aifungue jioni nyuki wakisha kurudi, asimwagie mmea unaochanua, na asikaribie mstari wa isogi hata siku moja. Maua ya isogi yanafunguka kuanzia jioni, na mstari ule ni mboga pia: watu wanaula.

Ninachoomba kwa koperative, na kwa sisi wa miradi

Mkutano ujao wa koperative, mbele ya Agosti, uweke jambo hili kwenye ajenda. Uamue mambo matatu. Kila mwanamemba ana hatua 10 za isogi, na mwenye zaidi ya hekta moja ana hatua 30. Komite ichague mama wawili wenye kujua mbegu, waweke akiba ya koperative katika chupa, na kila anayechukua glasi moja arudishe glasi moja na nusu mwezi wa Januari. Tatu, wale wanaopita kuangalia mashamba ya kahawa Septemba na Oktoba waandike katika kaye ile ile: mstari uko, mstari hauko. Bila kaye, kanuni inakuwa hotuba.

Na msimu wote, wenye maboga waweke hesabu ndogo: maua jike 20 yaliyofungwa alama kwa uzi, mangapi yamekuwa boga. Mwaka kesho wafanye tena. Tukifanya hivyo hatutategemea maneno yangu wala ya mtu wa Kilimanjaro. Tutakuwa na hesabu ya mlima wetu.

Kwa sisi tunaofanya kazi katika miradi, pia kuko neno. Katika mifuko ya mbegu tunayogawa mara nyingi kuko mashu, nyanya, vitunguu, biringanya. Mbegu ya isogi haimo, kwa sababu haiuzwi katika pakiti yenye picha. Lakini iko sokoni kwetu, mikononi mwa wamama wetu, na pesa ya kuinunua ingebaki katika kijiji. Kama mradi una bajeti ya miche ya miti, uwe pia na bajeti ya glasi za mbegu za isogi kwa wale ambao hawana mahali pa kupanda mti.

Mvua ya Septemba itaanguka, na majembe yatatoka yote siku moja, sawa vile kila mwaka. Ni siku hiyo, kwenye ukingo wa shamba, mwenye jembe ataamua kama mstari ule unabaki. Tuamue mapema, tena pamoja, ili siku hiyo jembe lijue mahali pa kupita.